Wasifu Usiotiwa Chumvi wa Mama Mfuniko

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1961, na si 1963 kama ilivyoandikwa kwenye jalada lake la kazi kwa miaka ishirini na tisa. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe angeanza nalo. Karani wa shule alimpunguzia miaka miwili ili asionekane mkubwa darasani, na kosa hilo likamfuata hadi kazini. Mwaka 2012 alipanga foleni siku tatu katika ofisi ya utumishi ili lirekebishwe. Karani wa pale akamwambia, "Mama, ukirekebisha utastaafu mapema. Watu wanakuja hapa kupunguza umri, wewe ndiye wa kwanza kuja kuongeza." Akarekebisha. Akastaafu miaka miwili kabla ya wenzake aliosoma nao, na sisi nyumbani tukamlaumu mpaka tukachoka.

Mimi ninayesoma ni mumewe, fundi cherehani. Watoto walitaka asome mjomba wao kwa sababu ana sauti nzito na hababaiki mbele za watu. Nilikataa. Mwaka 2009 niliwahi kuandika maisha ya mke wangu kwenye karatasi, nikayatia chumvi, na chumvi ile ikamnyima kitu alichokistahili kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimwahidi kwamba nikiandika tena sitatia hata punje. Hii ndiyo mara ya pili. Nitamwita marehemu kama mnavyotegemea.

Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni na mama yake alikuwa dobi wa shule hiyohiyo, na familia iliishi katika vyumba viwili nyuma ya jiko. Marehemu alijifunza kuhesabu kwa sahani kabla hajaenda shule: mia tatu na kumi na mbili kila mlo, na ikipungua moja baba yake hali mpaka ionekane. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, na sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, ambako alikuwa wa nne kwa hisabati na wa mwisho kwa kuimba. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha afya ya mazingira, akahitimu mwaka 1983.

Ningependa kusema alichagua kazi hii kwa wito. Ingesikika vizuri, na padri, shehe au mchungaji yeyote angeitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba alimwona bwana afya akipita na baiskeli ya serikali, nyeusi, yenye kengele na taa, akauliza baiskeli ile inapatikanaje. Akaambiwa, "Kwa kusoma." Akasoma. Siku alipoajiriwa, tarehe 1 Oktoba 1983, baiskeli zilikuwa zimekwisha stoo, akatembea kwa miguu miaka minne.

Chuoni walikuwa wanafunzi thelathini na wanane, wanawake wanne. Katika somo la ujenzi wa vyoo, mkufunzi aliwaambia wasichana wabaki juu waandike vipimo wakati wavulana wanashuka shimoni. Marehemu alikabidhi daftari lake kwa mvulana mmoja, akashika kamba, akashuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alipomaliza kupima alimwomba mkufunzi amvute, mkufunzi akashindwa, wakaitwa watu watatu. Alipotoka alikuwa na matope hadi kwenye nyusi, lakini vipimo vyake ndivyo vilivyokuwa sahihi. Hayo nimesimuliwa na yule mvulana aliyeshika daftari, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu wa maabara na rafiki yetu wa karibu. Yupo hapa leo, na anajua kwamba nitamtaja tena.

Jina la Mama Mfuniko alilipata kazini. Alikuwa haingii nyumba, mgahawa wala genge bila kusema, "Funika." Funika maji, funika chakula, funika shimo, funika ndoo ya taka. Watoto wa mtaa wetu walipomwona kwa mbali hawakusema shikamoo, walipiga kelele, "Tumefunika!" Naye aliitika "Marahaba" bila kucheka, halafu anaingia kuhakikisha.

Mimi nilimfahamu siku ya Alhamisi, tarehe 17 Aprili 1986, alipokuja kukagua safu yetu ya vibanda. Tulikuwa mimi, kinyozi na mama wa chai, na nyuma yetu kulikuwa na kisima kimoja na choo kimoja. Sheria ilitaka kati ya kisima na choo pasipungue mita thelathini. Tepu yake ilikuwa imekatika, akaazima futi yangu ya kupimia nguo, ambayo ni mita moja na nusu. Mimi nilishika mwanzo, yeye akashika mwisho, tukaenda tumechuchumaa kutoka chooni hadi kisimani huku kinyozi akitucheka na wembe mkononi. Tulipima mara kumi na tisa. Yeye akaandika ishirini na nane na nusu.

Nikamwambia, "Dada, imebaki urefu wa futi moja tu. Si tuseme thelathini?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama kishikio cha futi. "Vijidudu havijui 'tuseme'," akasema.

Akatufungia kisima. Mama wa chai alimlaani wiki nzima. Mimi nilianza kumtafutia sababu za kurudi, na bahati nzuri choo chetu kilikuwa na kasoro nyingi. Kila nilipotengeneza moja nilimwita aje akague. Alikuja mara sita. Ya saba akaniuliza, "Fundi, wewe unatengeneza choo au unatengeneza kitu kingine?" Nikasema kweli. Tangu siku ile hadi Jumapili iliyopita aliniita Fundi, isipokuwa siku tisa ambazo nitazieleza.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987. Gauni nililishona mwenyewe, na liliingia jikoni kabla ya kuingia ukumbini, kwa sababu bibi harusi alitaka kuona wapishi wamehifadhi vipi nyama. Mungu alitujalia watoto watatu: binti ambaye ni muuguzi, kijana ambaye ni dereva wa malori, na binti wa mwisho ambaye ni mwalimu. Kwa malezi alikuwa mkali, nami sitasema alikuwa mpole. Kwenye mazishi kila marehemu alikuwa mpole. Wetu alikuwa akinusa viganja vyetu kabla ya kula, pamoja na vyangu mimi baba wa nyumba. Lakini mtoto akiugua alilala sakafuni kando ya kitanda, mkono wake juu ya kifua cha mtoto, na asubuhi alikwenda kazini na shingo iliyopinda bila kumwambia mtu kwa nini.

Mwaka 1998 alihamishiwa katika kata ambayo ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Ilikuwa kata ya bondeni, nyumba zimebanana, mtaro mmoja mkubwa na mabomba ya jumuiya kumi na manne. Kipindupindu kilikuwa kikitembelea pale karibu kila masika. Alipima maji, alifukua mitaro na wananchi, aligombana na wenye nyumba waliopangisha bila choo. Miaka mitano ikapita bila mgonjwa. Ndipo ikaja Machi 2003.

Siku ya Jumatatu alipima bomba la saba, akakuta klorini inatosha, akatia saini. Jumatano mpira wa chini unaoleta maji ukapasuka pale unapopita ndani ya mtaro, mita mia mbili kutoka bombani. Maji machafu yakaingia. Waliugua watu saba. Sita walipona, wa mwisho aliruhusiwa tarehe 19 Machi. Wa saba hakupona. Alikuwa binti wa miaka mitano, mtoto pekee wa mama anayeuza mkaa nyuma ya kituo cha afya. Mimi nilimjua mtoto yule. Alikuwa akipita karakana kwangu kuomba vipande vya kitenge amvalishe mwanasesere wake, na alikuwa hapokei rangi ya kahawia hata umbembeleze.

Hakuna aliyemlaumu marehemu. Bomba lilikuwa salama alipolipima. Lakini katika ripoti yake, mahali pa chanzo cha tatizo, aliandika sentensi moja: "Nilipima bombani, sikulifuata bomba." Mkuu wake alimwambia aifute. Hakuifuta. Kuanzia wiki ile kila Alhamisi alilifuata bomba lote kwa miguu, kilomita mbili na mita mia tatu, akigusa kila kiungo. Kwanza alikwenda peke yake. Halafu yule mama wa mkaa akaanza kumfuata, bila kuambiwa, hawasemi kitu njia nzima. Halafu wakawa sita, kisha ishirini. Wakagawana bomba vipande, kila mwanamke na kipande chake, na mwenye kipande akiona unyevu tu anapiga kelele hadi ofisini. Maafisa wa kata nyingine walikuja kujifunza. Marehemu aliwapa chai na daftari, akawaambia, "Waulizeni hao kina mama, mimi natembea tu."

Sasa nafika nisipotaka kufika.

Chama cha maafisa afya ya mazingira hutoa kila mwaka Tuzo ya Mafanikio ya Juu. Mtu hajiombei, anapendekezwa na mwenzake kwa fomu ya kurasa nne. Mtaalamu wa maabara alitaka kumpendekeza, ila kalamu kwake ni kama mwiba. Akaniletea fomu karakana, akasema, "Shemeji, wewe unamjua, jaza, mimi nitatia saini." Nikaacha suruali ya mteja kwenye cherehani nikajaza. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemwona akirudi na viatu vilivyooza, nimemwona akitukanwa sokoni, nimemwona akipita kwenye vikao ambavyo wengine walipongezwa kwa kazi aliyoifanya yeye. Nilitaka siku moja, siku moja tu, watu wasimame wampigie makofi.

Fomu iliuliza: mafanikio yanayopimika. Ukweli, kuhesabu hadi siku ya kutoa tuzo, ulikuwa miaka sita na miezi minane bila mgonjwa wa kipindupindu. Nikaiona fupi. Sisi mafundi tukikata kitambaa tunaacha nafasi ya mshono, hatukati palepale kwenye alama. Nikahesabu tangu alipofika katika kata, nikaandika: "Miaka kumi na moja bila mgonjwa hata mmoja." Niliruka watu saba kwa kalamu. Nikamruka na yule mtoto.

Akashinda.

Sherehe ilikuwa Ijumaa, tarehe 20 Novemba 2009, katika ukumbi wenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Nilimshonea gauni la buluu lenye mfuko mkubwa ubavuni, kwa sababu hakutembea bila kichupa chake cha kupimia klorini, hata kanisani. Alikuwa na furaha. Nasema bila chumvi: alikuwa na furaha, alikuwa akinifinya mkono chini ya meza kama msichana. Mwenyekiti akaanza kusoma sifa zake. Alipofika kwenye miaka kumi na moja, mkono ule ukaniachia.

Akasimama kabla hajaitwa.

"Mama, subiri kidogo, tunamalizia," mwenyekiti akasema, na watu wakacheka wakidhani ana haraka ya tuzo.

"Samahani, mwenyekiti. Kuna hesabu haiko sawa." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika hadi viti vya nyuma. "Walikuwa wagonjwa saba, mwezi wa tatu mwaka 2003. Mmoja alifariki." Akamtaja yule mtoto jina lake lote, la kwake na la baba. "Mama yake yupo. Mkisema hapa hakuna aliyeugua, mnamwambia hakuzaa."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa ukumbi ule. Kanuni ya chama inasema fomu yenye taarifa isiyo ya kweli inafutwa, na haiulizi nani kaiandika. Mtaalamu wa maabara alikuwa akiangalia feni ya darini. Tuzo ikarudishwa kwenye sanduku lake, na akaitwa aliyefuata, bwana mmoja mzuri tu wa dampo. Marehemu alimpigia makofi kuliko watu wote.

Tulitembea hadi nyumbani. Karibu na mlango akasema, "Ni wewe."

"Umejuaje?"

"Imeandikwa kazi yangu haina uzi unaoning'inia. Mtu wa maabara hawezi kusema hivyo."

Kwa siku tisa aliniambia yote ya lazima, chumvi imekwisha, mgeni amepiga hodi, ila hakuniita Fundi. Nyumba ilikuwa na watu watano na mimi nilikuwa peke yangu ndani yake. Siku ya kumi alivaa viatu, akaniambia, "Twende." Akanipeleka kwa mama wa mkaa, akaketi pembeni, akaniacha niseme mwenyewe. Nikasema nilichoandika. Mama yule alikuwa akipanga mkaa kwenye makopo, hakuacha kupanga.

"Kwa hiyo alisimama mbele ya wakubwa, akamsema mwanangu?"

"Alimsema."

"Kwa jina?"

"Jina lote."

Akafuta mikono kwenye kanga yake, akatuwekea maji ya chai. Tuliporudi, njiani, marehemu aliniambia, "Fundi, punguza mwendo, magoti yananiuma." Sijawahi kusikia maneno matamu kuliko hayo.

Hakupendekezwa tena. Fomu iliyofutwa hubaki kwenye jalada, na watu huogopa jalada. Yeye hakuitaja tuzo ile hata mara moja. Mimi niliitaka kila mwaka. Kila Novemba nilipoona picha za washindi gazetini nilikunja gazeti nikalikalia. Kaka zangu, dada zangu, mtu anaweza kusamehewa na bado akatamani kurudi nyuma afute mstari mmoja. Na mnajua jambo linaloniuma zaidi? Alistaafu tarehe 14 Agosti 2021, na tangu mgonjwa yule wa mwisho wa 2003 hadi siku hiyo hakuugua mtu mwingine katika kata ile. Hiyo ni miaka kumi na minane, miezi minne na siku ishirini na sita. Ukweli ulikuja kuupita uongo wangu kwa miaka saba. Nilikosa subira tu.

Ugonjwa ulimwanza mwishoni mwa mwaka 2022, miguu kuvimba na uchovu aliouita uvivu. Aprili 2023 madaktari waligundua figo zote mbili zimeshindwa, kwa sababu ya shinikizo la damu la miaka mingi. Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, alianza kusafishwa damu, kila Jumanne na Ijumaa, jumla mara themanini na sita. Siku ya kwanza, kabla ya kuunganishwa na mashine, aliomba aonyeshwe maji ya mashine ile yanatoka wapi. Muuguzi akasema, "Mama, leo wewe ni mgonjwa." Akajibu, "Sawa, mgonjwa anauliza." Wakampeleka. Aliporudi alisema mfumo ni mzuri ila mlango wa chumba cha mitambo uachwe umefungwa, na hadi leo kuna karatasi pale mlangoni yenye mwandiko wake.

Tuliongea sana katika viti vile. Saa nne kwa wakati mmoja, yeye kaunganishwa, mimi napiga lisani za mashati, ule ukanda wa vifungo, kwa mkono. Alinisimulia mambo ya jiko la baba yake niliyokuwa sijawahi kuyasikia. Siku moja ya Desemba akasema, "Nikiondoka utaandika wewe. Niandikie inayonikaa. Ukinishonea kubwa nitaburuta." Nikacheka, halafu nikaenda chooni nikalia, kisha nikanawa mikono, kwa sababu angeuliza.

Alifariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, hospitalini, kitanda cha dirishani, moyo ulipochoka. Aliniuliza ni saa ngapi. Nikasema, "Inakaribia saa sita."

"Inakaribia ni saa ngapi?"

Nikatazama vizuri. "Saa tano na dakika ishirini na mbili."

"Haya," akasema, akafumba macho. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini alipoacha kupumua. Aliishi miaka sitini na miwili, miezi sita na siku kumi na nane.

Jumatano iliyofuata, tukiwa msibani, nilipigiwa simu na katibu wa chama, binti mwenye adabu sana. Alinipa pole, kisha akasema kamati imekaa kwa dharura na imeamua kumpa marehemu tuzo ya mwaka 2009. Ni kioo kizuri, kimeshachongwa, watakileta Jumamosi kiwekwe juu ya jeneza na sifa zake zisomwe. Nilikaa chini kwenye kiti cha cherehani. Miaka kumi na minne na zaidi nilikuwa nikiisubiri simu ile. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu nisomee hayo yatakayosomwa."

Akanisomea. Yalikuwa maneno yangu. Walikuwa wamefukua jalada la zamani, na uzi unaoning'inia ukiwemo. Kwenye kioo kumechongwa: Miaka Kumi na Moja Bila Mgonjwa Hata Mmoja.

Nikamweleza. Akaenda kuuliza, akarudi na huzuni ya kweli sautini. Kamati imeshapitisha, kioo kimeshachongwa, na kikao kingine cha kubadili maneno ni Novemba. "Baba," akasema kwa upole, "nani atajua?"

Watoto wangu walikuwa wamenizunguka, wamesikia yote. Binti yetu mkubwa akasema, "Baba, si ndicho ulichokuwa unakitaka?" Ndicho. Sitawadanganya hata katika hilo. Nilikitaka kweli. Nilikiona juu ya jeneza, jua limekipiga, na nyinyi nyote mmesimama. Na uani, kupitia mlango uliokuwa wazi, nilimwona mama wa mkaa akiwaoshea waombolezaji vikombe. Alikuwa pale tangu Jumapili.

Nikasema, "Msikilete. Njooni nyinyi wenyewe, mikono mitupu, mtakaribishwa." Wamekuja. Wameketi kulia kwangu, na nawashukuru. Mkitazama jeneza, mtaona halina kitu juu isipokuwa maua. Nimelifanya mimi liwe hivyo. Watoto wana ruhusa ya kunikasirikia.

Sifa zilizopaswa kusomwa leo nazisoma mimi, na kwa mnaofuata kwenye kijitabu zimeandikwa vivyo hivyo. Katika kata ya bondeni, chini ya uangalizi wake, kati ya mwaka 1998 na 2021, waliugua kipindupindu watu saba. Sita walipona. Mmoja alifariki, binti wa miaka mitano, na marehemu hakuacha kumtaja. Baada yake hakuugua mwingine.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili, na wanawake thelathini na wanne wenye vipande vya bomba.

Mama watoto, tangu Jumatano nina neno moja tu la kukuambia. Nimekaribia kulisema mara tatu. Jana nilifika hadi mlango wa chumba nimefungua mdomo, nataka kusema, "Wameniletea, na nimekataa." Nilitaka nikuone uso. Nilitaka uniulize nilijibu nini hasa, neno kwa neno, nami nikuambie bila kuongeza. Nimetenda sawa mara moja katika jambo hili, na mtu niliyetaka ajue ndiye pekee ambaye hakuwepo. Nimewaambia hawa wote badala yako, na haitoshi.

Lala salama, mke wangu. Upumzike kwa amani, nasi utuachie kazi ya kukukumbuka jinsi ulivyokuwa.